Mkalimani Asiye na Kokoto

Watu wa Isiolo waliomjua Sadiya Waqo kwa mbali tu walidhani ni mwanamke mwenye dhambi nyingi. Kwa miaka ishirini na sita alisimama kortini kila siku ya kazi, buibui limenyooshwa, viatu havitoi sauti, akasema kwa Kiswahili safi: mimi ndiye niliyemkata jirani panga, mimi ndiye niliyechoma boma, mimi, mheshimiwa, nilikuwa nimelewa na sikumbuki. Yeye mwenyewe hata harufu ya busaa ilimtia kichefuchefu. Alikuwa mkalimani. Mborana akisema "mimi", mkalimani husema "mimi", maana ndivyo kazi inavyotaka. Hasemi "huyu bwana anadai kwamba". Huyavaa maneno ya mtu kama yalivyo, na akimaliza huyavua.

Si kila mtu aliyeuelewa mpango huo. Mama mmoja muuza maziwa ya ngamia alifika kortini kusikiliza kesi ya shemeji yake, akamsikia Sadiya akikiri mbele ya umati kwamba amempiga mke wake kwa mwiko. Kwa miezi mitatu mama yule alikataa kumuuzia maziwa. "Nenda kwanza ukaombe bibi yako msamaha," alimwambia, na soko zima likacheka isipokuwa yeye. Mumewe Sadiya naye, alipokuwa hai, alikuwa akimpokea mlangoni kwa swali lile lile: "Leo umeua wangapi?" Sadiya alimjibu idadi, kisha akaenda kuinjika chai.

Alikuwa na kiburi kimoja, nacho kilikuwa kikubwa. Haongezi neno, hapunguzi neno. Mtu akitukana, Sadiya alitukana. Mtu akinyamaza, alinyamaza naye. Hakimu mmoja, siku alipoagwa akihama, alimsifu Sadiya, akasema mama huyu ni kama bomba, maji yanayoingia ndiyo yanayotoka. Sadiya aliipenda sifa hiyo akaisimulia nyumbani mara nyingi mno. Sifa yenyewe si ya kushangilia sana, kwa sababu bomba halijui kama linamwagilia mboga au linafurika nyumba ya watu.

Nyumba iliyofurika ilikuwa ya kijana mmoja aliyeitwa Huqa.

Huqa alikuwa mchungaji kutoka upande wa Merti, miaka ishirini na miwili, mrefu, na kanzu aliyovaa ilikuwa ya kuazima. Aliletwa kortini akishtakiwa kuiba mbuzi tisa wa mfanyabiashara. Kiswahili chake hakikuvuka "maji" na "sukari". Shtaka likasomwa, Sadiya akalitia katika Kiborana, kisha hakimu akauliza ni kweli ama si kweli. Huqa hakumtazama hakimu. Alimtazama Sadiya, kwani ndiye pekee pale ndani aliyezungumza lugha ya watu. Akajibu kwa utulivu, kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake: "Re'e ani fuudhe."

"Mbuzi niliwachukua," Sadiya akasema.

"Amekiri," hakimu akasema, akaandika.

Mtu akishakiri, hakuna shahidi anayeitwa tena. Miaka minne. Sadiya alipomfikishia hukumu hiyo, Huqa alitabasamu kwanza, akidhani mama huyu amekosea hesabu au anamtania, na askari akamshika mkono akiwa bado anatabasamu. Sadiya alikunywa chai saa nne kama kawaida, maana hakuwa na sababu ya kutokunywa. Mtu kasema alichukua, na yeye kasema alichukua.

Miezi saba baadaye alikwenda Korbesa kuhani msiba wa mjomba wake. Sadiya ni mzaliwa wa mjini, binti wa mchinjaji wa Bulapesa, na Kiborana chake ni cha mezani na dukani. Hakuwahi kulala usiku mmoja kwenye kambi ya mifugo. Siku ya pili alifuatana na wanawake kisimani. Hapo mzee mmoja alikuwa akisimulia jinsi ngamia wake wawili walivyopotea wakati wa ukame, akawatafuta siku kumi na moja hata akakata tamaa. "Ibrae fuudhe," mzee alisema, akainua mikono. "Mungu ampe maisha marefu."

Sadiya akamuuliza: "Ibrae amechukua ngamia wako na wewe unamwombea dua?"

Mzee akamtazama kama anavyotazamwa mtoto wa shule. Akamweleza polepole. Mnyama aliyepotea haachwi porini aliwe na fisi. Ukimkuta unamchukua, unamnywesha pamoja na wako, unamtangaza kila kisima mpaka mwenyewe atokee. Huko ndiko kuchukua. Anayemchinja au kumuuza, huyo ameiba, na kuiba kuna neno lake, hata mtoto analijua. "Kwani nyinyi mjini mnasemaje?" mzee akauliza.

"Vivyo hivyo," Sadiya akasema.

Akarudi kutoka kisimani na mtungi mtupu. Wanawake wakadhani ni majonzi ya mjomba.

Sasa, mtu mwingine angekwenda kortini kesho yake. Sadiya aliandika barua mara mbili akazichana, na karatasi ya tatu aliishia kuandika nyuma yake mahitaji ya dukani: unga, chumvi, majani. Aliogopa. Aliiogopa kazi yake, na zaidi aliliogopa jina lake, jina la mama asiyekosea. Akajiambia amesema neno lile lile alilolisema kijana, na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilimkera. Alipokuwa angali anajishauri, Huqa akatoka gerezani.

Tangu hapo Sadiya alibaki na haja moja tu maishani: kumwambia yule kijana, kwa mdomo wake, kwamba amekosea. Haja ndogo. Isiolo si mji wa kumpoteza mtu. Alimwona mara ya kwanza kwenye soko la mifugo, akavuka barabara. Akamwona tena karibu na msikiti siku ya Idi, watu wote wakipeana mikono na kusameheana, akajifunika mtandio akapita. Maji yakimwagika hayazoleki, alijiambia, kana kwamba methali hiyo ilitungwa ili watu wasiokote hata mtungi. Mwaka ukaongezeka juu ya mwaka. Akastaafu, akapewa cheti na saa ya ukutani, akakaa nyumbani Bulapesa akifuga kuku na kusahihisha Kiswahili cha watangazaji wa redio.

Huko ndiko Ivy Njambi alikomkuta. Ivy alikuwa binti wa mwalimu Mkikuyu aliyehamia Isiolo zamani. Alizaliwa hapo hapo, akasoma Nairobi mambo ya maigizo, akarudi na wazo ambalo mama yake bado hajalielewa. Mchezo wake haukuwa na jukwaa. Ulichezwa ndani ya nyumba ya mtu, sebuleni, wageni kumi na wawili tu wakiwa wamekaa kwenye mkeka, na mchezaji aliwakaribia kiasi cha kuweza kuwaomba sukari. Sehemu ya kwanza ilikuwa kesi ya jogoo aliyekula mbegu za jirani. Sehemu ya pili kigoda kiliwekwa katikati, na yeyote mwenye jambo ambalo halikupata kusikilizwa vizuri angeweza kukaa hapo na kulisema. Wageni wengine wangeweza kuwa mahakimu wake, mashahidi wake, au watazamaji tu. Si lazima, Ivy alikuwa akisema kila mara. Si lazima mtu aseme, si lazima mtu ajibu.

Ili ajue nani anataka kuguswa na nani hataki, mwanzoni aliwapa watu kadi nyekundu na za kijani. Ikawa vurugu. Muiruri, mwenye duka la magodoro, mtu wa tumbo na kicheko, alipopewa nyekundu alisimama akauliza: "Sasa nimefanya makosa gani? Nitoke ama nikae?" Ivy akaziacha kadi, akaokota kokoto. Kila mgeni hupewa moja mlangoni. Ukiiweka mkekani mbele yako, unaweza kusemeshwa. Ukiifumbata mkononi, hakuna atakayekugusa mpaka uende zako.

"Mama Sadiya, wageni wangu wengine hawasikii Kiswahili kabisa," Ivy alimwambia siku hiyo, amekaa kwenye kiti cha plastiki kati ya kuku. "Na Kiborana yangu mimi ni ya kununua nyama tu. Tusaidie. Kazi ni ile ile umezoea."

Sadiya alikubali kwa sababu alikuwa amechoka na redio. Siku ya kwanza Etabo, Mturkana kijana ambaye ndiye mchezaji mkuu, alimnyooshea bakuli la kokoto. "Mama, chukua yako."

"Mimi ni mdomo tu," Sadiya akajibu. "Mdomo haupewi kokoto."

Akakaa kwenye stuli karibu na mlango, na kazi ikamrudia mikononi kama ufumaji. Mama akilalamikia mkwe wake, Sadiya alilalamika. Mzee akilia kwa ajili ya punda aliyekufa mwaka wa njaa, Sadiya alieleza sifa za punda huyo bila kukosa hata moja. Onyesho la kwanza likapita, la pili, la tatu. Watu wa mji wakaanza kuulizana ni lini litakuja mtaa wao, na walipoulizana, walitaja pia kwamba mkalimani ni yule mama wa korti.

Onyesho la nne lilikuwa Burat, nyumbani kwa mama mmoja aitwaye Jennifer, mchana baada ya swala ya alasiri. Wageni waliingia mmoja mmoja wakivua viatu. Muiruri alikuwepo tena. Alikuwa ameupenda mchezo huo kuliko hata Ivy. Wa mwisho kuingia alikuwa mwanamume mrefu wa miaka thelathini na kitu, kofia nyeupe kichwani, mvi chache zimewahi kidevuni. Akasema salaam aleikum, akapokea kokoto yake, akaketi. Hakuifumbata. Aliiweka mbele yake mapema, kabla hata Ivy hajamaliza kueleza ni ya nini.

Sadiya alimtambua kwa jinsi alivyomtazama, vile vile kama siku ile kortini. Moyo ulimwenda mbio akaona aibu, mwanamke wa miaka sitini na moja, moyo unapiga kama wa msichana aliyefumaniwa. Mlango ulikuwa hatua mbili tu nyuma yake. Angeweza kusema anaumwa na kichwa. Lakini kulikuwa na bibi wawili mkekani wasiojua Kiswahili, na Etabo alikuwa ameshaanza kuwika.

Kesi ya jogoo ilichekesha kama kawaida. Muiruri akajitolea kuwa hakimu, akafungwa shuka nyekundu mabegani, akakalishwa kwenye kochi, akampa jogoo ushindi. Kisha Etabo akaleta kigoda katikati, na Ivy akasema maneno yake: kiti kiko wazi, si lazima.

Huqa akainuka akaketi kwenye kigoda. Akazungumza Kiborana, polepole, akimpa mkalimani nafasi ya kufanya kazi yake.

"Niliwahi kushtakiwa," Sadiya akatafsiri. "Niliulizwa swali moja tu. Nataka niulizwe tena."

"Haya basi," Muiruri akasema, akajiweka sawa kwenye kochi. Alikuwa akifurahia. "Mshtakiwa, wanasema uliiba nini?"

"Mbuzi tisa wa mfanyabiashara."

"Tisa! Na ni kweli ama si kweli?"

Sadiya akaligeuza swali hilo Kiborana. Alilisikia likitoka kinywani mwake kama lilivyotoka miaka kumi na minne iliyopita, neno kwa neno. Huqa hakumtazama Muiruri.

"Re'e ani fuudhe," alisema.

Bibi mmoja alikuwa akijipepea kwa upindo wa leso. Sadiya alijua kabisa jinsi bomba lingejibu, na kwa kitambo alichoka, akatamani kujibu hivyo hivyo, yaishe.

"Mbuzi hao niliwakuta wamepotea," alisema. "Niliwachukua nikawapeleka kwetu ili fisi wasiwale. Niliwanywesha pamoja na wa baba yangu. Nilikuwa nikingoja mwenyewe ajitokeze nimrudishie. Sikuiba. Kama ningeiba ningesema neno lingine."

Muiruri akakuna kichwa. "Mama, huyu amesema maneno matatu. Wewe umetoa mahubiri ya Jumapili."

"Ndiyo maana yake," Sadiya akasema.

"Yote hayo?"

"Yote. Uliza hawa."

Wale bibi wawili, walipoelezwa, wakatikisa vichwa kukubali, wakishangaa kwamba jambo kama hilo linahitaji kuulizwa. Muiruri akapiga goti lake kofi. "Sasa hapa kesi iko wapi? Huyu si mwizi, huyu ni wa kupewa hata mbuzi mmoja kwa shukrani! Enda nyumbani, kijana. Korti imefungwa." Wageni wakapiga makofi. Etabo akawika kidogo, kwa mazoea, halafu akanyamaza alipoona Huqa hajasimama.

Huqa alikuwa amekaa vile vile, mikono magotini. Kuachiliwa na muuza magodoro hakukumrudishia kitu, na hilo lilionekana usoni pake. Makofi yakaisha yenyewe.

Sadiya akainuka kwenye stuli. Hakuwahi kuinuka katika maonyesho yote yale. "Mimi nilikosea," alisema kwa Kiswahili. "Siku ile nilisema niliwachukua, nikaishia hapo. Sikujua. Lakini baada ya miezi saba nilijua, na nikanyamaza. Niliogopa. Naomba msamaha."

Wageni wote wakageuka kumtazama Huqa. Ndivyo walivyokwisha kuzoea mchana ule: mama akisema, mwenye maneno ni mwingine.

"Wewe!" Muiruri akafoka. "Nimekuachilia sasa hivi, tena unasema ulikosea? Amua moja!"

"Mimi sijasema kitu," Huqa akajibu. "Hayo ni yake."

Alisema kwa Kiswahili kilichonyooka, cha kujibu kwa haraka, cha mtu aliyekijifunza mahali panapohesabiwa watu asubuhi na jioni. Muiruri akamgeukia. "Kumbe Kiswahili unakijua!"

"Nilipewa miaka miwili na miezi minane ya kujifunza," Huqa akasema. "Nyingine walinipunguzia."

Hapo ndipo chumba kilipoelewa. Muiruri akaanza kuivua shuka, taratibu, kama mtu aliyejikuta amevaa nguo ambayo mwenyewe yupo pale pale. Katika mambo yote Ivy aliyosomea Nairobi, hili halikuwemo. Akainama karibu na kigoda. "Si lazima kujibu," alimwambia Huqa. "Ukitaka, unachukua tu kokoto yako."

Huqa akaitazama kokoto mkekani. Hakuichukua. Sadiya alisimama karibu na mlango, mikono imeshikana, akingoja kama washtakiwa wote aliowahi kuwasemea, na sasa akajua kwa nini wengi wao walikuwa wakiangalia viatu vyao. Alitaka msamaha ule. Aliutaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu amzike mumewe.

Huqa akamtazama, akarudi kwenye Kiborana. "Dhagaye," alisema. Kisha akaondoka kwenye kigoda, akaketi mahali pake mkekani.

"Amesema nini?" Muiruri akauliza.

Macho yote yakamgeukia Sadiya. Nyuso zilikuwa zimeshajiandaa kutabasamu. Jennifer alikuwa na ncha ya leso tayari karibu na jicho. Neno lile lilikuwa dogo na nafasi ndani yake ilikuwa kubwa. Angetaka, angelikunjua. Muda mfupi tu uliopita alikuwa ametoa mahubiri kutoka maneno matatu, na wote wakamwamini, na ilikuwa haki wamwamini. Hata wale bibi wawili wasingejua atakachokisema kwa Kiswahili. Huqa tu ndiye angejua, na Huqa alikuwa akimtazama, bila hasira na bila msaada.

"Amesema, nimesikia," Sadiya akasema.

"Nimesikia, halafu?"

"Nimesikia."

"Hajasema amekusamehe?"

"Hajasema," Sadiya akajibu. Akaketi kwenye stuli yake.